Dhiraa ya Bakar

Asubuhi ile tulikuwa barazani pa nyumba kubwa ya kina Hashil, mjini Chake Chake, tunakula mihogo ya kuchemsha na papa wa kuchoma, na Bakar alikuwa ananitukania lipu yangu.

"Masika, ukuta ule umeupiga lipu au umeutapikia?"

"Ukuta wenyewe haujaoshwa uso tangu babu yako hajatahiriwa. Wataka ung'are leo?"

"Basi ukianguka uniangukie mimi, nife nipumzike na maneno yako."

Tukacheka mpaka mihogo ikatupalia. Hewa ilikuwa nzuri, inanukia mvua ya jana na karafuu zilizoanikwa majamvini. Hakuna aliyesema astaghfirullah baada ya neno lile. Ndiyo maana nalikumbuka.

Mimi ndiye Masika wa Jaribu, kwa asiyenijua, ingawa sidhani kama mtu huyo yupo Pemba. Skuli nilikwenda mpaka mwalimu akaniomba mwenyewe niache, maana maswali yangu yalimnyima usingizi. Nyoka aliyewafukuza watu kisimani Pujini nilimtoa mimi, kwa mkono mtupu. Shetani wa njia ya Vitongoji akikutana nami hunipisha, tena huniamkia. Siyasemi haya kwa majivuno. Nayasema ili mkifika pale nitakapowaambia nilikimbia, mjue palikuwa na sababu.

Bakar alikuwa mtoto wa ami yangu na fundi mkuu wa uashi pale kazini. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilizidi urefu wake. Tukimtania kwamba hufunga viatu bila kuinama.

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, chini ghala ya karafuu, juu vyumba vya watu. Ukoo wa kina Hashil ulikuwa umepukutika. Amebaki Bi Hamdiya, mtu mzima, aliyehamia Tibirinzi kwa kuwa ngazi zilimshinda, na mtoto wa kaka yake, Zahran. Watu wa mji walitaka nyumba ivunjwe, mawe yake yajengee vyoo. Ndipo mwaka hamsini na nane Zahran akarudi kutoka Ulaya, alikosomea kuchora majumba. Siku hizi mtu wa namna hiyo huitwa msanifu majengo. Sisi tulimwita mchora ramani, naye hakukasirika.

"Nyumba haizeeki," alituambia, kasimama mlangoni na karatasi zake. "Inayozeeka ni kazi yake. Hii kazi yake imekufa, tuipe nyingine."

Kazi aliyoichagua ilikuwa njema, hilo simnyimi. Alitaka nyumba ya wazazi. Ghala ya karafuu igawanywe kwa ukuta, upande huu wanawake wajifungue, upande ule walale. Vile vidaka ukutani, vilivyokuwa vya kuwekea mabakuli ya Kichina, viwe vya dawa. Juu roshanini wapate upepo wakishapona. Mlango wa nakshi usiguswe. Sote tulikuwa tumewaona wanawake wa mashamba wakibebwa vitandani kuja mjini, wengine wakirudishwa na vitanda vilevile wamefunikwa. Bi Hamdiya akaitoa nyumba wakfu bila kuombwa mara ya pili.

Na Bakar aliipenda kazi ile kuliko sote, kwa sababu ya ziwa.

Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa mpishi katika nyumba ile zamani. Alipomzaa Bakar akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mama yake Zahran alikuwa naye ndio kwanza amejifungua. Akamchukua mtoto wa mpishi wake, akamweka titi la pili, akamnyonyesha mpaka akaacha. Kwa hivyo Bakar na Zahran ni ndugu wa ziwa moja, na kwetu ziwa si maneno ya mdomoni, ni sheria. Bi Mwatima alimsomea Fatiha mama yule kila Ijumaa tangu afe. Zahran naye akimwita Bi Mwatima mama. Akija kazini hupita kwake kwanza, hula sahani moja na Bakar.

Mambo yalianza kwenye ukuta wa kugawa ghala.

Tuliujenga asubuhi mpaka usawa wa kiuno. Tukaenda kuswali adhuhuri. Tuliporudi, haukuwepo. Haukuanguka, maana ukuta ukianguka mawe hutawanyika. Haya mawe yalikuwa yamepangwa pembeni, kubwa na kubwa, dogo na dogo, na hakuna hata moja lililobaki na chokaa. Safi, kama mifupa iliyolambwa.

Tukasema ni watu. Zilikuwa zama za siasa, watu wa vyama viwili hawaazimani hata moto, kila ubaya ukitokea ni wa chama kile. Tukajenga tena. Ukapangwa tena.

Zahran akasema labda kipimo ni kibaya. Akaleta futikamba yake, akashika upande mmoja, akanipa mimi wa pili. Jua lilikuwa la utosi. Nikabana ncha yangu ukutani kwa kidole gumba, naye akavuta mpaka ikakazwa kama uzi wa udi. Tukasimama hivyo anaandika.

Nikaisikia inalegea.

Kidogo kidogo. Ikashuka katikati, ikagusa sakafu. Mimi sikusogea. Zahran hakusogea.

"Masika," akasema taratibu, "umekuja mbele?"

"Sijaja."

"Wala mimi."

Akaiacha futikamba palepale, akatoka. Jioni ile alionekana akienda Tibirinzi kwa shangazi yake.

Siku ya pili yake alikuja mchangamfu mno. Alisema futikamba imepotea, na kweli, hatukuiona pale alipoiacha. Akasimama barabarani, nje ya kizingiti, akamwita Bakar.

"Ndugu yangu, wazee wetu walijenga bila vidude vya Ulaya. Walipima kwa dhiraa. Nami naona watu wanaogopa, tuwatulize kwa mambo ya asili. Niazime mkono wako."

Dhiraa, kwa vijana wasioijua, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Bakar akakunja shati huku akicheka.

"Huu mkono n'kikuazima wanirudishia lini?"

"Kazi ikisha nakurudishia."

"Haya. N'pime wapi?"

"Kila ukuta. Na kila ukianza taja jina lako, ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani. Sema: mimi Bakar, mwana wa ziwa la nyumba hii."

Nilimwona Bakar uso ukimbadilika. Maisha yake yote alikuwa mtoto wa mpishi. Leo mwenye nyumba, tena hadharani, wapita njia wanasikia, anamtaka aseme yeye ni mwana wa nyumba. Akakohoa kidogo kusafisha koo. Akaingia.

"Mimi Bakar, mwana wa ziwa la nyumba hii!" Akaulaza mkono ukutani. Akausogeza. Akaulaza tena.

Kunguru walikuwa wakipigana juu ya paa tangu asubuhi. Wakanyamaza. Bakar akazunguka ghala nzima, sauti yake ikisikika kwa uzuri, na kila ukuta alioumaliza niliuona unatoa jasho. Nilipogeuka nimwambie Zahran, nikaona jambo dogo. Tangu kufika, hakuwa ameutia ndani hata mguu mmoja.

Ukuta ukasimama. Kazi ikaenda kama maji. Zahran akasifiwa mji mzima, na Bakar akatembea kifua mbele.

Kisha chokaa ikakataa kumtoka kwenye kucha. Alisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa makumbi. Akiosha, ikirudi. Akaanza kusema mkono wa kulia una baridi. Nikamwambia ni uzee. Akasema, "Uzee gani huu unaoshika upande mmoja?" Tukacheka, lakini yeye aliacha kabla yangu.

Siku moja, tumekaa kwao, akainua kichwa ghafla. "Kuna mtu anatembea ghalani," akasema. Nyumba ile ilikuwa mbali, mitaa kadhaa kutoka pale. Nikaenda kutazama ili nimzomee. Nikamkuta mbuzi wa watu kaingia.

Ijumaa iliyofuata akavaa kanzu yake ya kwendea msikitini, aliyoshonewa na mama yake. Bi Mwatima akamtazama kwa muda.

"Mwanangu, nyoosha mikono."

Akanyoosha. Mkono wa kushoto wa kanzu uliishia penye kifundo, kama ulivyoshonwa. Wa kulia ulikuwa umemeza vidole.

Bi Mwatima akaushika mkono ule, akaulinganisha na wa pili, kiwiko kwa kiwiko. Hakulia. Akachukua buibui lake.

"Masika, nifuate."

Bi Hamdiya tulimkuta Tibirinzi juu ya mkeka, anapepeta mchele. Bi Mwatima, mtu wa adabu zake, siku hiyo hata shikamoo aliifupisha.

"Bi mkubwa, mwanangu anaisha. Nyumba yenu inamfanya nini?"

Bi Hamdiya akauweka ungo chini. "Nani kapima?"

"Bakar."

"Kwa futi?"

"Kwa mkono wake, Bi," nikajibu mimi. "Na jina lake akalitaja."

Bibi yule akafumba macho. Aliposema tena, alinong'ona, na nyumbani mle hamkuwa na mtu wa kusikia.

"Babu yetu alipojenga alizika fingo chini ya kizingiti, la kuilinda nyumba. Akaipima kwa dhiraa yake. Jini aliyewekwa mle anaujua mkono ule tu. Zahran alikuja kuniuliza mbona kuta hazikai. Nikamwambia, ukitaka kuigeuza kazi, ipimwe upya na mkono wa mwana wa nyumba, kwa jina lake, na mwana huyo akae nayo. Hatoki Pemba mpaka afe. Nikamwambia, mwanangu, umebaki wewe."

"Akasemaje?"

"Aliutazama mkono wake. Amepata kazi Ulaya, mwaijua. Kisha akaniuliza, shangazi, aliyenyonya titi la mama yangu naye ni mwana wa nyumba? Nikadhani auliza mambo ya mirathi. Nikamwambia harithi, lakini mwana ni mwana."

"Kumbe jini lenu limesoma sheria!" nikasema. Ndiyo tabia yangu. Hofu ikinishika, ulimi hurefuka.

"Limesoma kukushinda wewe," Bi Hamdiya akasema. "Mwenye damu, jini humfuga. Mwenye maziwa..." Akakatiza.

Bi Mwatima akamkamata kifundo cha mkono. "Sema."

"Humnywa."

Dawa ilikuwa moja. Zahran aje mwenyewe, apime upya kwa mkono wake na jina lake, Bakar aachiwe. Tukaenda kwake moja kwa moja. Tulimkuta chumbani, sanduku lake limefungwa kamba. Alisema ni ramani. Bi Mwatima akamweleza yote, kasimama, hakukubali kiti.

Zahran akapiga magoti mbele yake. "Mama, wallahi sikujua kama litamdhuru. Nilijua litamshika tu, na Bakar hana safari, hana pa kwenda..." Hapo akajisikia mwenyewe.

"Sasa wajua," Bi Mwatima akasema.

"Kesho, tukitoka sala ya adhuhuri. Naingia napima kwa mkono wangu. Naapa kwa ziwa la mama yangu."

Bi Mwatima akamwekea mkono kichwani. Njiani akaniambia, "Aliyeapa kwa ziwa hadanganyi." Mimi sikusema kitu. Mara moja katika maisha yangu.

Siku ya pili tukakaa barazani, mimi, Bakar na mama yake. Bakar alikuwa amekonda shingo. Ule mkono ameulaza pajani, umefunikwa na kanzu. Watu wakatoka msikitini, wakapita, wakatuamkia. Zahran hakuwamo.

"Atakuja," Bakar akasema.

Kivuli cha mlango kikaanza kulala. Mtaa ukapungua watu. Kunguru wakanyamaza.

Ndipo tukamsikia Zahran. Ndani.

"Ndugu yangu. Njoo. Nimeshika upande huu."

Bakar akageuka. Sijaona furaha kama ile juu ya uso wa mtu. "Mwaona?" akasema. "Nilisema. Kapitia uani." Akainuka akaingia.

Bi Mwatima akanitazama. Nami nikamtazama. Nyumba ile haina mlango wa uani. Zahran mwenyewe ndiye aliyetuamuru tuuzibe.

Nikaingia mbio. Ukumbi. Kisha ghala. Ghala ina mlango mmoja. Nje jua kali, ndani kiza cha nusu.

"Bakar?"

Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Ukuta ule tulioujenga. Macho yamefunguka, uso bado una ile furaha. Mkono wa kulia ameunyoosha kando, kiganja juu. Ulikuwa umerudi urefu wake. Kiganjani palikuwa na ncha ya futikamba. Ile iliyopotea.

Ilikuwa imekazwa. Kutoka mkononi mwake mpaka pembeni mwa ghala, kwenye kiza. Kama uzi wa udi.

Pembeni hapakuwa na mtu.

Ikaanza kulegea.

Nilikimbia. Nimewaambieni mapema kwamba palikuwa na sababu. Nilifika sokoni bila kiatu, na mbio zile hakuna aliyezivunja mpaka leo. Bi Mwatima hakukimbia. Watu walipoingia walimkuta kamlaza mwanawe mapajani, anamfuta chokaa usoni kwa ncha ya kanga.

Habari za Zahran tulizipata palepale sokoni, kwa dereva aliyemchukua. Alimpeleka Mkoani alfajiri ile. Wakati tunamsikia akiita ghalani, meli ilikuwa imekwisha kuiacha Pemba. Dereva akasema njia nzima hakutamka neno, ila alikuwa akiunyoosha mkono wake wa kulia, anautazama, anaukunja.

Maiti tuliiosha mimi na wazee wawili. Mkono wa kushoto tuliulaza vizuri. Wa kulia ulikataa. Tukiukunja, unarudi, unanyooka kando, kiganja juu. Mzee mmoja akausomea. Ukarudi. Mwisho tukamtia sanda hivyohivyo, na makaburini ikabidi mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, upanuliwe upande mmoja, kiasi cha dhiraa. Waliokuja kuzika walikuwa wachache, kwa ajili ya vyama. Afadhali. Wangekuwa wengi wangeuliza.

Nyumba ya wazazi ikafunguliwa. Na nitasema haki: hajafa mzazi mle hata mmoja. Wanawake wanasema ukishikwa na uchungu kuna kitu cha baridi kinakushika mkono mpaka mtoto atoke. Wanadhani ni upepo wa vidaka.

Lakini kwenye ukuta wa kugawa, chini, pale alipokaa Bakar, pakatokea unyevu. Wakaniita niupige lipu. Nikapiga. Ukarudi. Nikabandua yote nikapiga upya kwa saruji, na lipu yangu, waliopo watawaambia, hata mvua ya masika huiomba ruhusa. Ukarudi. Ulikuwa na kiwiko. Ulikuwa na vidole. Kiganja kimefunguka, kimetazama juu, kama cha mtu aliyeazimwa kitu chake akaahidiwa kurudishiwa.

Kila Ijumaa Bi Mwatima alikuja, akaweka kiganja chake juu ya kile, akasoma Fatiha moja. Ile ya mama yake Zahran hakuisoma tena.

Mwaka wa sitini na mbili, Zahran akarudi. Alikuja mchana wa Ijumaa na wageni wawili wa Ulaya, waliotaka kuiona nyumba iliyompatia sifa. Alisimama barabarani, koti zuri la kijivu, vifungo vinang'aa mpaka mikononi. Akawaeleza kwa Kiingereza, huku akionyesha kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu hata mtoto hukatazwa.

Wageni wakaingia. Yeye akabaki nje.

Bi Mwatima alikuwa barazani. "Karibu ndani, mwanangu," akasema, sauti laini kabisa. "Nduguyo yumo."

Zahran akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa anatazama kizingiti.

Nikamsogelea. Mimi ni mtu wa utani hata msibani. "Nipe mkono basi, yakhe, tuamkiane."

Akanipa wa kushoto.

"Huo wa chooni, Zahran. Nipe mwingine."

Akasita. Kisha akauinua taratibu. Koti lile lilishonwa Ulaya na mafundi wa vipimo, mkono wa kushoto umekaa sawasawa penye kifundo. Wa kulia ulikuwa umemeza vidole.

Akaniinamia sikioni. "Masika, kwa Bakar ugonjwa ulianzia wapi?"

"Kwenye kucha," nikamwambia.

Akaurudisha mkono mfukoni. Hata wageni wake hakuwangoja. Aliondoka kwa miguu kuteremka mtaa, anatembea upesi, bega moja limeshuka.

Nikasikia Bi Mwatima, aliyekwisha kuingia ndani, ananiita kutoka ghalani, kwa sauti ya chini. Nikaenda. Alikuwa amechutama mbele ya ukuta, kaja kusoma Fatiha yake, na mkono wake ameuacha hewani, hana pa kuuweka.

Kiganja kilikuwa kimefumba ngumi.

Na chini yake, sakafuni, palikuwa na kifungo cha mkono wa koti la Zahran, kinang'aa, kimelowa chokaa mbichi.